KARATASI ILIYOFUNDISHWA KUINUKA
Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Habari za Kale na Kazi ya Mikono

Leo, kabla hatujaanza, nawaomba mtayarishe vitu vinne: karatasi mbili, mkasi, rula na kalamu. Asiye na mkasi atumie wembe, lakini kwa uangalifu, na watoto wadogo wakae mbali. Viwekeni vitu hivyo kando. Tutavihitaji karibu na mwisho wa somo.

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya kadi, yaani ile karatasi iliyokunjwa ambayo mtu humpelekea mwenzake siku ya Idi, au Krismasi, au harusi, au mtoto anapokwenda kufanya mtihani. Na katika kadi zote tutazitazama zile za ajabu: kadi ambayo ukiifungua, nyumba au ua huinuka ndani yake, au ukivuta ulimi wa karatasi, ndege hupiga mabawa.

Huenda mmoja wenu anasema moyoni, "Huo ni mchezo wa watoto. Watuhusu nini sisi watu wazima?" Swali hilo ni zuri. Kabla ya kulijibu, nitawaeleza jambo nililolisikia kwa masikio yangu.

Katika darasa moja nililokwenda kulitazama, alikuwapo mama mmoja mwenye umri wa zaidi ya miaka hamsini. Mwanawe alikuwa akifanya kazi mji wa mbali. Kwa miaka mingi mama huyu alimwomba jirani amwandikie barua. Mama alisema maneno, jirani akaandika, kisha akatia jina la mama chini ya barua. Fedha alizotuma mwana nazo zilipitia kwa jirani huyo huyo. Siku moja mwana alikuja likizo, akauliza, "Mama, zile fedha ulizoomba mara tatu, zilikutosha?" Mama akashangaa. Hakuwa ameomba hata mara moja. Jirani alikuwa akiongeza maneno yake mwenyewe ndani ya barua, na jina la mama likawa chini yake.

Mama huyu aliniambia, "Mwanangu, mimi sikuja darasani kutafuta cheti. Nimekuja kulichukua jina langu."

Lishikeni neno hilo. Tutalirudia. Sasa twende kwenye habari za kale.

1. Gurudumu ndani ya kitabu

Watu wengi hudhani ya kuwa karatasi za kusogea zilianza kama mchezo. Sivyo. Zilianza kama vyombo vya wenye elimu.

Karibu mwaka 1250, huko St Albans katika nchi ya Uingereza, aliishi mtawa mmoja aliyeitwa Matthew Paris. Alikuwa mwandishi wa tarikh na mchoraji. Wakati ule vitabu vya huko viliandikwa juu ya ngozi iliyolainishwa. Katika kitabu chake kikubwa Matthew Paris aliweka gurudumu dogo lililoweza kuzunguka, ili kusaidia kupata tarehe ya Pasaka. Badala ya msomaji kukigeuzageuza kitabu kizima, aligeuza gurudumu tu.

Miaka karibu 300 ikapita. Mwaka 1540, mtaalamu wa nyota wa Ujerumani aitwaye Petrus Apianus alichapisha kitabu kikubwa chenye magurudumu ya karatasi, moja juu ya jingine. Msomaji akiyazungusha, aliweza kujua mahali zilipo sayari. Mwaka 1543, mganga Andreas Vesalius, aliyekuwa akifundisha katika mji wa Padua, Italia, alitoa kitabu juu ya mwili wa binadamu. Pamoja nacho alitoa kitabu kifupi kwa ajili ya wanafunzi, chenye kurasa za kukatwa. Mwanafunzi alikata picha za mishipa na viungo vya ndani, akazibandika tabaka juu ya tabaka. Alipofunua tabaka moja, aliona lililo chini yake, kama mganga apasuaye mwili.

Ndugu wanafunzi, tazameni jambo moja. Katika vitabu hivi vyote mwandishi hakuimaliza kazi. Alimwachia msomaji sehemu: azungushe, afunue, akate, abandike. Mtu hushika zaidi lile alilolifanya kwa mkono wake. Ninyi mlioanza kuandika herufi mchangani kwa kidole mnalijua jambo hilo kuliko mimi.

Mambo hayo yaliingia katika michezo baadaye. Karibu mwaka 1765, mchapaji wa London aitwaye Robert Sayer alianza kuuza vijitabu vya vipande vya kufunua. Ukifunua kipande cha juu, nusu ya picha hubadilika, na hadithi husonga mbele. Basi ufundi ukawa umetoka chumba cha wataalamu ukaingia dukani. Lakini kumpelekea rafiki kitu cha namna hiyo kwa posta lilikuwa jambo gumu. Kwa nini? Kwa sababu ya bei.

2. Peni moja

Sikilizeni vizuri hesabu hii. Kabla ya mwaka 1840, posta ya Uingereza ilitoza barua kwa umbali wa safari na kwa idadi ya karatasi. Karatasi mbili zililipiwa mara mbili. Hata bahasha ilihesabiwa kuwa karatasi ya pili. Barua ya karatasi moja kutoka London hadi Edinburgh iligharimu zaidi ya shilingi moja, na shilingi yao ilikuwa na peni 12. Tena, mara nyingi aliyelipa ni yule aliyepokea. Maskini aliletewa barua na mwanawe, akaitazama, akashindwa kuikomboa, ikarudi ilikotoka.

Sasa fikirini juu ya kadi yenye tabaka tatu au nne za karatasi. Nani angeilipia?

Mtu aliyelishughulikia jambo hili aliitwa Rowland Hill. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa shule. Mwaka 1837 alitoa kijitabu akionyesha ya kuwa gharama kubwa ya posta haikutokana na umbali, bali ilitokana na kazi ya kuhesabu, kuandika na kudai fedha mlango kwa mlango. Akashauri bei iwe moja kwa nchi nzima, ipimwe kwa uzito, na mtumaji alipe kwanza. Mwezi wa Januari 1840 bei ikawa peni moja kwa barua isiyozidi nusu aunsi, yaani karibu gramu 14. Mwezi wa Mei mwaka ule ule stempu ya kwanza ya kubandikwa ikaanza kutumika.

Mwaka 1839 posta ya huko ilichukua barua karibu milioni 76. Mwaka 1840 zikawa karibu milioni 169. Barua ziliongezeka zaidi ya mara mbili kwa mwaka mmoja! Watu hawakuanza kupendana mwaka ule. Walikuwa wakipendana tangu zamani, ila bei iliwafunga midomo.

3. Kadi zapata njia

Kwa kuwa sasa posta ilipima uzito na haikuhesabu karatasi, kadi iliyokunjwa iliweza kusafiri. Mwaka 1843, Henry Cole, mtu aliyekuwa amesaidia katika matengenezo yale ya posta, aliona barua za Krismasi zinamzidi. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree picha moja, akaichapisha kuwa kadi. Nakala nyingine ziliuzwa kwa shilingi moja kila moja. Yaani kadi moja ilikuwa na bei ya barua kumi na mbili! Haikuwa kadi ya mtu wa kawaida.

Lakini mtu wa kawaida alikuwa na mkasi wake. Huko Uingereza ilikuwako desturi ya kutumiana salamu za mapenzi siku ya Mtakatifu Valentino, tarehe 14 Februari, na kadi nyingi za siku hiyo zilitengenezwa kwa mkono. Iliyopendeza kuliko zote ilikuwa na duara la karatasi laini lililokatwa mikato mingi, mfano wa utando wa buibui. Katikati palifungwa uzi. Aliyepokea alivuta uzi polepole, duara likainuka kama tundu la ndege, na chini yake ikaonekana picha au neno lililofichwa.

Mwaonaje? Neno lilikuwa pale pale, lakini halikuonekana mpaka mwenye kuandikiwa avute uzi kwa mkono wake mwenyewe.

4. Bibi Esther Howland na meza yake

Sasa tuvuke bahari tufike Marekani, katika mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts. Huko alizaliwa Esther Howland mwaka 1828. Baba yake alikuwa na duka la vitabu na karatasi. Mwaka 1847 Esther alimaliza masomo ya juu ya wanawake huko Mount Holyoke. Muda mfupi baadaye aliona kadi ya Valentino iliyotoka Uingereza, yenye karatasi iliyotobolewa mfano wa lesi. Akasema, hii naweza kuitengeneza.

Akatengeneza mifano michache. Inasimuliwa ya kuwa ndugu yake wa kiume aliichukua katika safari yake ya biashara. Esther alitumaini kupata maagizo ya dola 200. Ndugu yake akarudi na maagizo ya dola 5,000.

Mtu mmoja hawezi kufanya kazi hiyo peke yake. Akawaita wasichana wenzake, akawapanga mezani. Mmoja alikata picha, mwingine alitayarisha karatasi ya chini, mwingine akabandika. Kadi ilitoka mkono hata mkono mpaka ikakamilika. Wakati ule wanawake wengi wa huko hawakuwa na njia nyingi za kupata fedha zao wenyewe, na meza ile ikawa njia mojawapo.

Ufundi wake ulikuwa rahisi. Alikunja kipande kidogo cha karatasi mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama upepeo. Kipande hicho hufanya kazi ya springi. Akakibandika chini ya picha, na picha ikainuka juu ya kadi, ikaacha kivuli chini yake.

Lakini lipo jambo moja nataka mlipime ninyi wenyewe. Mwaka 1879 kampuni yake ilitoa kijitabu cha beti za mapenzi, zaidi ya mia moja. Mnunuzi aliyeipenda kadi, ila hakuyapenda maneno yake, aliweza kuchagua ubeti mwingine, ukabandikwa juu ya ule wa kwanza. Hii ilikuwa akili nzuri ya biashara. Hata hivyo, ndugu zangu, maneno ya nani yalikuwa ndani ya kadi ile? Si ya mtumaji. Mtumaji alilipa fedha, na mtu mwingine akasema kwa niaba yake.

Siwalaumu. Mtu mwenye haya hupenda kusaidiwa maneno. Lakini mkumbukeni mama yetu na jirani yake.

Karibu na mwaka 1881 Bibi Howland aliiuza kampuni, baba yake akiwa mgonjwa na akihitaji kuuguzwa. Alifariki mwaka 1904.

5. Mafundi wawili wengine

Wakati Bibi Howland akifanya kazi Marekani, huko Munich, Ujerumani, alikuwako mchoraji aitwaye Lothar Meggendorfer, aliyezaliwa mwaka 1847. Inasimuliwa ya kuwa kitabu chake cha kwanza cha picha za kusogea kilikuwa zawadi ya Krismasi kwa mwanawe. Ufundi wake ulikuwa ulimi mmoja wa kuvuta. Nyuma ya ukurasa alificha vipande vya karatasi vilivyounganishwa kwa pini ndogo za waya. Ukivuta ulimi mmoja, mkono husogea, kichwa hugeuka na macho hutazama, yote kwa pamoja. Meggendorfer alifariki mwaka 1925.

Fundi wa pili ni Mjapani, Masahiro Chatani. Yeye alikuwa profesa wa ujenzi wa majumba mjini Tokyo. Mnamo mwaka 1981 alianza kutengeneza kadi za namna mpya. Hakutumia gundi, wala springi, wala pini. Alitumia karatasi moja tu, akaikata na kuikunja, na kadi ilipofunguliwa jumba zima likasimama. Profesa aliyejua kusimamisha majumba ya saruji hakuona haya kusimamisha nyumba ya karatasi.

Na kwetu Afrika Mashariki? Wengi wenu mnakumbuka kadi za Krismasi na za Idi zilizotundikwa kwenye uzi sebuleni. Huko Kenya, kwa miaka mingi, wanafunzi waliokaribia mtihani wa taifa waliletewa kadi za kuwatakia heri. Nyingine zilikuwa na betri ndogo ndani, zikalia muziki zilipofunguliwa. Siku hizi salamu nyingi hupita kwenye simu, na mtu mmoja huweza kuwapelekea watu mia maneno yale yale kwa mara moja. Ni jambo jepesi, tena la bei nafuu. Lakini salamu ya watu mia haimjui hata mmoja wao.

6. Sasa tufanye kazi

Chukueni vitu vyenu. Nitasema polepole. Mwalimu wa darasa apite kuwasaidia wale wa nyuma.

Kwanza. Karatasi ya kawaida ya ofisini ina urefu wa karibu sentimita 30 na upana wa sentimita 21. Ikunjeni katikati ya urefu, ncha fupi ikutane na ncha fupi. Pitisheni ukucha juu ya mkunjo ili ukae vizuri. Sasa mna kadi yenye kurasa za upana wa sentimita 15.

Pili. Kadi ikiwa imefungwa, pimeni katikati ya mkunjo. Chorani mistari miwili inayoanzia kwenye mkunjo kuingia ndani ya ukurasa. Kila mstari uwe wa sentimita 4. Kati ya mstari na mstari pawe na sentimita 3.

Tatu. Kateni juu ya mistari hiyo miwili, mkipitisha mkasi katika kurasa zote mbili pamoja. Msikate zaidi.

Nne. Kati ya mikato miwili pana kipande kama ulimi. Kikunjeni upande mmoja, kisha upande wa pili, mpaka mkunjo wa pale mikato inapokoma uonekane wazi.

Tano. Fungueni kadi kidogo. Kisukumeni kipande kile kwa kidole kiingie ndani ya kadi. Fungeni kadi, bonyezeni kwa nguvu.

Sasa fungueni, lakini nusu tu, ukurasa mmoja ulale mezani na mwingine usimame kama ukuta.

(Hapa mwalimu anyamazishe redio mpaka wote wamalize.)

Kimesimama kijisanduku? Vizuri. Anayeona kimelala, akisukume tena upande wa ndani.

Ipo kanuni moja ya hesabu. Kadi ikifungwa, ncha ya kijisanduku hufika mara mbili ya urefu wa mkato. Mlikata sentimita 4, basi ncha hufika sentimita 8. Ukurasa una sentimita 15, kwa hiyo kijisanduku hujificha salama. Lakini mtu akikata sentimita 8, ncha itafika 16, itachungulia nje ya kadi, na siri itafichuka kabla ya kufunguliwa. Kwa hiyo mkato usifike nusu ya upana wa ukurasa.

Bandikeni picha mliyoichora mbele ya kijisanduku: nyumba, ua, jahazi au mwezi mwandamo. Picha isizidi urefu wa sentimita 10. Asiye na gundi apike uji mzito wa unga wa ngano. Hushika karatasi vizuri. Mwisho, bandikeni karatasi ya pili kwa nje ili kuziba tundu, lakini gundi isiguse kijisanduku.

7. Jina la mama

Sasa nimalizie habari za yule mama. Darasa lao lilipojifunza kazi hii, yeye alikata karatasi yake mara tatu kabla haijakubali. Picha yake ilikuwa nyumba yenye mlango mmoja. Mwalimu wake akamwuliza, "Mama, nikusaidie maneno?" Akajibu, "Hapana, mwanangu. Maneno ninayo. Nishikie rula tu."

Akaandika chini ya nyumba, kwa herufi kubwa zilizopanda na kushuka: MAMA AMEANDIKA MWENYEWE. Akaitia kadi ndani ya bahasha, akaandika jina la mwanawe, akaenda posta kwa miguu yake, akabandika stempu.

Baada ya wiki kadhaa mwana akaandika barua. Safari hii hakumwandikia jirani ili amsomee mama. Aliandika kwa herufi kubwa, nafasi pana kati ya neno na neno, ili mama asome mwenyewe. Mama aliileta barua ile darasani. Hakutusomea yote. Alisema mengine ni yake.

Basi ndugu wanafunzi, hilo ndilo jibu la swali letu la kwanza. Mikunjo ya karatasi tumeirithi kwa watu wengi: mtawa wa St Albans, mganga wa Padua, bibi wa Worcester, profesa wa Tokyo. Hakuna aibu kuazima ufundi wa mwenzako. Lakini maneno ya ndani yawe yako, hata yakiwa matatu, hata herufi zikipinda.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Gurudumu la Matthew Paris lilimsaidia msomaji kufanya nini?
2. Kabla ya mwaka 1840, kwa nini ilikuwa ghali kutuma kadi ya tabaka nyingi huko Uingereza?
3. Ukurasa wa kadi una upana wa sentimita 10. Ukikata sentimita 6 kutoka kwenye mkunjo, itatokea nini kadi ikifungwa? Onyesha hesabu.
4. Je, ni vizuri kutuma kadi yenye maneno ya mtu mwingine? Kila mmoja atoe maoni yake.

KAZI YA NYUMBANI: Tengeneza kadi moja kwa ajili ya mtu mmoja unayemjua. Andika ndani yake maneno yasiyopungua matatu, ambayo hakuna mtu mwingine angeweza kumwandikia.

Kwaherini, na kazi njema.